Kabati la Vipande Viwili

Kabati lilikwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, pale ngazi zinapokata kona. Tangu saa mbili asubuhi hakuna aliyeweza kulipandisha wala kulishusha. Wapagazi wawili waliokuja na lori walilisukuma, wakalivuta, wakalisimamisha kichwa chini miguu juu, mwisho wakakaa kwenye ngazi wakijifuta jasho. Fundi bomba, mwenye kabati, alibaki upande wa chini. Mkewe, ambaye alikuwa mkunga, alibaki upande wa juu pamoja na binti yao wa miaka saba, na wakiwa wamesimama hawakuweza kuonana ila kupitia upenyo wa kiganja kati ya kabati na ukuta.

Wapangaji wa jengo walianza kurudi kutoka shughuli zao. Kijana mmoja alipita kwa kutambaa chini ya kabati, akatokea upande wa pili akiwa na vumbi kifuani. Mama mmoja mnene mwenye vikapu viwili akasimama.

"Karibuni wageni," alisema. "Na mimi nipite wapi sasa?"

"Shikamoo mama. Tuvumilie kidogo tu," akasema fundi bomba.

"Marahaba. Kidogo gani hicho? Nilipokwenda sokoni mlikuwa hapa, nimerudi mko hapa. Au ndiyo mmepanga ngazini?"

Wapagazi wakacheka. Fundi bomba naye akajaribu kucheka, lakini uso ulikataa. Kisha akaja msimamizi wa jengo, kandambili miguuni na funguo nyingi mkononi, akalitazama kabati kama anavyotazamwa mlevi aliyelala mlangoni pa mtu.

"Ngazi ni za wote," alisema. "Saa saba nikirudi nataka kuuona ukuta. Kitu kisipoingia maana yake hakitaki kukaa hapa. Kirudisheni kilikotoka."

Kilikotoka kulikuwa jimbo lingine, mwendo wa saa tisa kwa basi. Mkunga alikuwa amepewa uhamisho kwenye hospitali ya mji huu, wakapata nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya nne. Siku ya kuondoka mama yake alisimama mlangoni, akawaambia wapagazi, "Na lile la chumbani kwangu lipakieni." Baba yake mkunga alikuwa seremala, naye alikuwa amezikwa miezi mitatu tu kabla. Lile kabati la milango miwili, la mbao nyekundu nzito, ndilo la mwisho alilotengeneza akiwa na nguvu zake. Nyumba ya mama ilikuwa ya chini, yenye milango mipana, kwa hiyo lilitoka bila tabu. Mkunga alilia njia nzima kwa heshima aliyopewa.

"Mama Redio," fundi bomba aliita kupitia upenyo. Binti yao walimwita Redio kwa sababu habari haikulala tumboni mwake. "Dereva wa lori anataka kuondoka. Nifanyeje?"

Huko chini dereva akapiga honi.

"Nikate?"

Mkunga aliegemeza paji la uso kwenye mbao. "Fanya unavyojua," akasema.

Sasa, kitu alichojua fundi bomba kilikuwa kimoja. Bomba lisipopita, hukatwa. Marehemu mkwewe alizoea kumtania: "Nyinyi kazi zenu ni mbili tu, kukata na kuziba." Akafungua mkoba wake, akatoa msumeno wa kukatia mabomba, akaanza juu, katikati kabisa, kati ya mlango na mlango. Ubao ulikuwa mpana kuliko fremu ya msumeno. Ikabidi atoe wembe wa msumeno, aufunge kitambaa upande mmoja na kuushika hivyo hivyo kwa mkono. Wembe wa kwanza ukavunjika. Watu wakakaa ngazi za juu na za chini kutazama, wengine wakitoa ushauri.

Saa saba unusu kabati likaachana. Papo hapo ikatoka harufu ya mbao mbichi, ya unga wa msumeno na gundi, ile iliyokuwa ikiingia nyumbani kila jioni kwenye shati la baba. Mkunga, aliyekuwa amejizuia mpaka hapo, akakaa chini kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kanga. Wapagazi wakadhani analilia kabati.

*

Miezi mitano ikapita. Nusu moja ilikuwa chumbani, nyingine kwenye korido. Kila nusu ilikuwa na ubavu mmoja tu, kwa hiyo zote mbili ziliegemezwa ukutani zisianguke. Wakati fulani fundi bomba alijaribu kuziunganisha kwa vibanio vya mabomba. Zikasimama siku mbili. Siku ya tatu, wakiwa wanakula chakula cha mchana, vibanio vikaachia kwa kishindo, na Redio akapiga makofi.

"Wewe ndiye uliyekata," mkunga angesema akiwa na hasira.

"Na wewe ndiye uliyesema nifanye ninavyojua."

"Ningejuaje kwamba unavyojua ndiyo hivyo tu?"

Kila Jumapili mama alipiga simu. Baada ya salamu, swali lilikuwa lile lile.

"Kabati halijawasumbua?"

"Halijatusumbua, mama."

"Limepata nafasi lakini?"

"Limepata, mama. Nafasi tele."

Fundi bomba, akisikia hivyo, aliinuka akaenda kukaa bafuni.

Lakini kabati lenyewe halikuwa ndilo lililomnyima mkunga raha. Tangu msiba alikuwa amemsihi mama yake mara tatu aje akae nao, asibaki peke yake katika nyumba ile. Mama hakukataa. Alisema, "Nitakuja. Ngojeni kwanza mkae sawa." Sasa walikuwa wamekaa sawa. Kazi ilikuwepo, shule ya Redio ilikuwepo, maji yalitoka kila siku, maana fundi alikuwa ndani. Lakini mama akija, kitu cha kwanza kukiona akifungua mlango kitakuwa nusu ya kabati la mumewe, imeegemea ukuta wa korido kama mtu aliyekatwa mguu. Kwa hiyo mama alipouliza, "Sasa mmeshakaa sawa?" mkunga alijibu, "Bado mama, nyumba bado haijakaa sawa."

Mara ya kwanza mama alisema, "Haya mwanangu." Mara ya pili akasema "Haya" tu. Mara ya tatu hakuuliza tena.

Hilo ndilo lililomtia mkunga hofu. Akaomba likizo ya siku nne, wakaamua waende wao.

Ndani ya basi walimfundisha Redio.

"Bibi akikuuliza kabati, utasemaje?"

"Yako."

"Liko."

"Lakini yako mawili, mama. Moja kwenye korido..."

"Redio! Liko. Liko chumbani. Basi."

"Na nikisema uongo?"

Mkunga akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dirishani.

"Si uongo," akasema mkunga. "Chumbani si liko?"

"Nusu," akasema Redio. Kisha akafunga mdomo kwa vidole viwili, akakaa hivyo karibu kilomita ishirini.

*

Mama alikuwa anawangoja kituoni. Alikuwa amepungua. Gauni alilokuwa akilivaa siku za wageni sasa lilimning'inia mabegani. Basi liliposimama hakukimbilia kumkumbatia mtu. Alitazama kwanza buti ya basi, utingo akitoa mizigo, mpaka buti ikafungwa.

"Mizigo ni hii tu?" akauliza.

Walikuwa na begi moja na mfuko wa plastiki wenye sukari, sabuni na shuka mpya.

"Ni hii tu, mama," akasema mkunga, na masikio yakamwaka. Aliona utingo amesikia. "Mwezi huu mambo hayakukaa vizuri..."

"Ah. Hapana. Haya, twendeni," akasema mama, na ndipo akamkumbatia, kwa nguvu kuliko mkunga alivyotegemea.

Nyumba ilikuwa safi mno. Pale chumbani palipokuwa na kabati, ukuta ulikuwa umebaki na alama ya mstatili mweupe. Nguo za mama zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti. Siku hiyo nzima hakuuliza habari za kabati hata mara moja. Alimuuliza Redio habari za shule, na Redio akajibu kwa maneno machache mpaka bibi yake akamshika shingo kuangalia kama ana homa.

"Mbona mtoto kanyamaza hivi? Mmemfanya nini?"

"Safari, mama," akasema fundi bomba haraka. "Basi limemchosha."

Walipokuwa wakichambua mchele, mama alisema bila kuinua macho, "Wewe siku hizi hunialiki tena."

Mkono wa mkunga ukasimama juu ya ungo. "Mama, ni kazi tu," akasema.

"Najua. Kazi." Mama akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Mzee alisema watoto wakihama, nyumba hupungua pande zote mbili. Sikumwelewa."

*

Asubuhi iliyofuata mama alimwita mkwewe karakanani.

Karakana ilikuwa nyuma ya nyumba, chumba kirefu chenye mlango mwembamba na dirisha moja. Maranda yote yalikuwa yamefagiliwa. Vifaa vilikuwa vimepangwa ukutani kwa ukubwa, kama wanafunzi mstarini. Fundi bomba alikaa kwenye ncha ya benchi, magoti yamebanana, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari. Alikuwa hajawahi kukaa peke yake na mama mkwe tangu aoe.

Mama alichukua kitu kirefu kilichofungwa kitambaa chenye mafuta, akakifungua taratibu. Ulikuwa msumeno wa marehemu, mpini wake umeng'aa kwa miaka ya kushikwa.

"Huu alisema usiuzwe," akasema. "Nikamuuliza, apewe nani? Akasema, mkwe. Nikamwambia, mkwe wako wa mabomba, mbao anazijulia wapi? Akasema, sijaona mtu anayekata mstari ulionyooka kama yule. Yule akikata kitu, hukata panapostahili." Akamnyooshea kwa mikono miwili. "Pokea, baba."

Fundi bomba alinyoosha mkono. Ukafika katikati ukasimama.

"Mama, siwezi."

"Huwezi nini? Ni mzito?"

"Mama..." Akasimama, akakaa tena. "Mama, nimekata kabati."

"Kabati gani?"

"La mzee. Halikupita kwenye ngazi. Watu walikuwa wengi, dereva anataka kuondoka, msimamizi anatufokea. Nikalikata katikati. Tangu siku ile liko vipande viwili, na mke wangu hana amani, na mimi sina amani. Nisamehe, mama. Huo msumeno mpe mtu mwingine."

Nje ya mlango ikasikika sauti kali.

"Bibi, mimi sikusema! Baba kasema mwenyewe!"

Mkunga alikuja mbio kutoka kwenye beseni la vyombo, mikono imejaa povu. Alipowaona, mumewe ameinamisha kichwa, mama yake ameshika msumeno, alijua. Akasimama mlangoni asijue aingie au akimbie.

Mama alikaa kwenye kigoda. Aliugeuza msumeno huku na huku mpaka Redio akaanza kulia kidogo kidogo, kwa tahadhari tu.

"Ulikata na msumeno gani?" mama akauliza hatimaye.

"Wa bomba, mama."

"Ule mdogo?"

"Ule mdogo."

"Ulichukua muda gani?"

"Saa tatu na zaidi. Nilivunja nyembe tatu."

"Tatu tu?" Mama akatikisa kichwa. "Mbao ile ilimtoa jasho mzee mwenyewe. Na kiburi chake chote." Kisha akamgeukia binti yake. "Lilipoachana, lilinukaje?"

Mkunga hakulitegemea swali hilo. Machozi yakatangulia jibu.

"Lilinuka baba, mama."

"Basi," akasema mama. "Ndiyo maana nililitoa."

Akaweka msumeno magotini.

"Mlidhani niliwapa kwa heshima? Niliwatwisha. Miezi mitatu nilikuwa na lile kabati chumbani. Nikilifungua, anatoka. Nikilifunga, yumo. Nikaona, mtoto anahama, aende nalo, alijaze nguo zake na daftari za Redio, litakuwa kabati tu kama makabati ya watu. Lori lilipokata kona, nilifunga mlango nikapumua. Halafu aibu ikanishika. Mke gani huyu anayefukuza kazi ya mikono ya mumewe? Kila Jumapili nauliza, halijawasumbua? Naogopa siku moja mtasema limetushinda, tunalileta. Mliposema mnakuja, sikulala. Pale kituoni nilitazama buti kabla ya nyuso zenu."

"Mama, mimi nilidhani umeona hatukuleta kitu!"

"Mngeleta kitu gani? Nilikuwa namshukuru Mungu kuona begi moja." Sauti yake ikapungua. "Lakini na wewe. Nyumba gani isiyokaa sawa miezi mitano? Mwishowe nikasema, mwanangu kanichoka, anatafuta lugha ya kuniambia. Nikaacha kuuliza ili nisikupe taabu ya kudanganya."

"Nikuchoke wewe?" Mkunga akapiga magoti palepale, povu na yote, akamshika miguu. "Mama, nilikuwa nakuficha kabati."

"Mimi nalikimbia, wewe unalificha nisilione," akasema mama. Mdomo ukamcheza, na kabla hajaweza kuuzuia, kicheko kikamtoka, kile cha zamani cha kukohoa, ambacho nyumba ile haikukisikia tangu mazishi. Kicheko kikageuka kilio, kikarudi tena kicheko, na mkunga naye hakujua yuko kwenye kipi. Fundi bomba alijifuta macho kwa kitambaa chenye mafuta, akabaki na mstari mweusi usoni.

"Lakini, mkwe," akasema mama alipopata pumzi. "Kwa nini hukulifungua?"

"Kulifungua vipi, mama?"

"Lile halina msumari. Lina vigingi vya mbao, sita juu, sita chini. Unavigonga kutoka ndani, linalala lote mbao mbao, unalibeba kwapani. Mzee hakutengeneza kitu kisichopita mlangoni. Kwani unadhani humu lilitokaje?"

Wote watatu waligeuka wakautazama mlango wa karakana. Ulikuwa mwembamba kiasi kwamba mkunga, aliyekuwa bado amepiga magoti hapo, aliuziba wote.

Fundi bomba alishika kichwa kwa mikono miwili. "Vigingi," akasema. "Saa tatu, mama. Mbele za watu."

"Simu mlikuwa nazo. Mngenipigia mkiwa hapo hapo ngazini."

"Tuliogopa ungejua limekwama," akasema mkunga.

"Na mimi niliogopa mngejua silitaki. Watu wazima watatu, tukamtwika mtoto wa miaka saba mzigo wa kunyamaza. Njoo hapa, Redio. Umenyamaza siku ngapi?"

"Moja na nusu," akasema Redio.

"Pole, mama. Haya, sema sasa."

Na Redio akasema. Alisema habari za mama mnene na vikapu, za vibanio vilivyoachia, za baba kukaa bafuni simu ikilia, mpaka fundi bomba akaomba yaishe.

*

Mchana mama alimwonyesha mkwewe mbao mbili zilizobaki pembeni, za rangi ile ile. Kila nusu ilihitaji ubavu mmoja, alisema. Yangekuwa makabati mawili membamba, ya kusimama yenyewe bila kuegemea mtu. Alishika mwisho wa ubao kama alivyomshikia mumewe miaka yote, akamsahihisha mkwewe mara mbili: asikandamize, msumeno wa mbao hauna haraka kama wa chuma.

"Na harufu?" alimuuliza binti yake walipokuwa wawili. "Bado ipo?"

"Ilikwisha, mama. Wiki mbili tu. Nilikuwa naenda kwenye korido kunusa kila nikitoka kazini. Siku moja nikakuta haipo."

Mama akamtazama. "Kumbe na wewe," akasema.

Ndipo mkunga akasema neno lililomkaa kooni miezi mitano. "Njoo, mama. Nyumba imekaa sawa."

"Ghorofa ya nne? Na magoti haya?"

"Utapumzika kila ghorofa. Tutakuwekea kiti."

"Tutaona," akasema mama.

Siku ya tatu kukapambazuka, jua likapanda, mama hajatoka chumbani. Saa mbili ikafika. Mkunga alikuwa amezoea kumkuta mama yake uani kabla ya jogoo. Alisimama mlangoni, akausukuma mlango kwa ncha ya kidole. Mama alikuwa amelala chali katikati ya kitanda, mikono ameitupa huku na huku, anakoroma. Mkunga aliyekuwa akihesabu pumzi za watoto wachanga kila siku alisimama akahesabu za mama yake, mpaka akaridhika. Akaurudisha mlango.

"Amelala," akamnong'oneza mumewe. "Msipige kelele."

"Nakwenda kuchukua tiketi za kesho," akanong'ona fundi bomba. "Tiketi tatu au nne?"

Mkunga akautazama mlango wa mama yake. Wakabaki wanatazamana pale kwenye korido, mpaka kutoka ndani ikaja sauti nzito ya usingizi.

"Basi linaondoka saa ngapi?"

"Saa tatu, mama."

"Basi mniamshe mapema," akasema mama. "Nisije nikawachelewesha." Kitanda kikalia, akageukia upande wa pili, akaendelea kulala.